Kamba msafishaji: Mtaji unaosubiri siku mia moja

Hesabu ya kwenye karatasi ni tamu. Kamba mmoja msafishaji, mnyama mdogo wa baharini asiyezidi urefu wa kidole cha mtu mzima, huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo nchini Marekani kwa bei ambayo mara nyingi huwa kati ya dola 20 na 40. Kamba huyo akishakomaa hubeba mayai kwa mamia, na haimchukui muda mrefu kabla ya kubeba mengine. Mwenye kalamu atazidisha haraka: mayai 300 mara dola 20 ni dola 6,000, kwa mzao mmoja, kutoka tangi la kioo lililowekwa sebuleni.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowaingiza wengi katika ufugaji huu, na hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa. Kati ya yai na dola kuna muda wa miezi mitano ambao karatasi haiuonyeshi. Katika muda huo mfugaji analisha kila siku, anabadili maji kila siku, analipa umeme kila mwezi, na idadi ya mali yake inapungua kila asubuhi anapohesabu. Mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayefikiria kuingiza fedha zake humu anapaswa kuelewa kinachotokea katika miezi hiyo mitano kabla ya kununua hata tangi la kwanza.

Soko lenyewe

Biashara ya viumbe wa baharini wa mapambo si ndogo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2003 na UNEP-WCMC, kituo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia uhifadhi wa viumbe, ilikadiria kuwa samaki wa baharini kati ya milioni 20 na milioni 24 waliuzwa duniani kila mwaka kwa ajili ya mapambo, pamoja na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo kati ya milioni 9 na milioni 10. Thamani ya biashara yote ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 hadi 330 kwa mwaka. Wenye matangi ya maji ya bahari nyumbani walikadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili, wengi wao wakiwa Marekani na Ulaya.

Taarifa hiyo ilitoa pia mfano ambao kila mfanyabiashara wa samaki anapaswa kuujua. Mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo kutoka nchi moja ya visiwa ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, wakati kilo moja ya samaki wa kitoweo kutoka miamba ileile ya matumbawe ilikuwa na thamani ya dola 6 tu.

Katika kundi la viumbe wasio na uti wa mgongo, kamba wa jamii ya Lysmata ni miongoni mwa wanaotafutwa zaidi. Anayeongoza kwa umaarufu ni Lysmata amboinensis, ambaye wanunuzi humwita kamba msafishaji. Mwili wake ni wa rangi ya manjano iliyokolea, mgongo mwekundu wenye mstari mweupe katikati kutoka kichwani hadi mkiani, na ndevu ndefu nyeupe. Alielezwa kitaalamu mwaka 1888, na jina lake linatokana na kisiwa cha Ambon nchini Indonesia. Hata hivyo si mgeni katika upande huu wa bahari. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, kupitia pwani ya Afrika Mashariki, hadi visiwa vya Pasifiki. Wazamiaji wa pwani ya Kenya, ambayo ni miongoni mwa nchi zinazouza nje viumbe wa mapambo wa baharini, humkusanya kwenye miamba pamoja na samaki wa rangi.

Sababu ya kupendwa kwake haiishii kwenye rangi. Baharini kamba huyu hukaa mlangoni mwa pango la matumbawe na kupunga ndevu zake. Samaki, wakiwamo wakali kama chewa na mkunga, husimama mbele yake na kufumbua mdomo, naye huingia na kuwatoa vimelea, ngozi iliyokufa na mabaki ya chakula. Akiwa kwenye tangi huendelea na kazi hiyo, tena hula makombo yanayoanguka chini. Mwenye tangi anapata pambo na mfanyakazi kwa bei ya mmoja.

Upo pia mlango mwingine wa soko ambao haujafunguka sawasawa. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kuwa kamba huyu hula mayai na viluwiluwi vya mnyoo anayeshambulia samaki wa kufugwa. Mwaka 2018 utafiti mwingine, uliofanywa kwa ndugu yake Lysmata vittata, ulionyesha kuwa kamba wasafishaji waliwapunguzia chewa vimelea. Ikiwa wafugaji wakubwa wa samaki wa kitoweo wataanza kutumia kamba badala ya dawa, mahitaji yatapanda kwa kiwango ambacho wazamiaji hawawezi kukikidhi. Hilo ni tarajio. Mwekezaji asiliandike kwenye upande wa mapato.

Wazazi wawili, si kumi

Jambo la kwanza linalomfurahisha mfugaji mpya ni kwamba hahitaji kutafuta dume na jike. Kamba msafishaji huanza maisha kama dume, na akishakua anakuwa na viungo vya uzazi vya pande zote mbili. Hata hivyo hajitungishi mwenyewe. Kamba wawili wowote waliokomaa wanatosha kuwa wazazi, na mara nyingi wote wawili hubeba mayai kwa kupokezana.

Hapa ndipo kosa la kwanza la mtaji linapofanyika. Mfanyabiashara aliyezoea kuku hufikiri kuwa wazazi kumi ni bora kuliko wawili, hununua kumi na kuwaweka pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kamba hawa huishi wawili wawili, na wanapowekwa kundi hushambuliana hadi wabaki jozi. Anayeuawa kwa kawaida ni yule aliyetoka kuvua gamba usiku, akiwa bado laini. Mwenye tangi huamka asubuhi, akaona gamba tupu na kamba mmoja pungufu, akadhani ni ugonjwa. Utaratibu salama ni jozi moja kwa tangi moja.

Tangi la wazazi la lita 100 hadi 200 linatosha. Maji yawe na chumvi ya kiwango cha bahari, yaani takriban gramu 35 kwa lita, na joto la nyuzi 25 hadi 28. Kitu cha kuogopa kuliko vyote ni shaba. Dawa nyingi za kutibu samaki wa mapambo zina shaba, na kiasi kinachomponya samaki kinamuua kamba. Tangi lililowahi kutiwa dawa hiyo lisitumike kwa kamba, na bomba la shaba lisipitishe maji yao.

Mzunguko wa uzazi unafuata kuvua gamba. Mmoja anapojivua, mwenzake humpandisha katika saa chache zinazofuata, na mayai hubandikwa chini ya tumbo kwenye vijimiguu vya kuogelea. Huyabeba kwa takriban wiki mbili, akiyapepea muda wote ili yapate hewa. Mwanzoni mayai ni ya kijani. Kadiri siku zinavyokwenda, kijani hufifia, yanaanza kung'aa kama fedha, na ukiangalia kwa karibu unaona vitone vya macho. Mfugaji aliyeandika tarehe ya kuvua gamba anajua usiku wa kuangua kwa kukosea siku moja au mbili. Asiyeandika hukuta tumbo la kamba ni tupu na samaki wa tangini wameshiba.

Usiku wa mavuno

Mayai huanguliwa usiku, muda mfupi baada ya taa kuzimwa. Viluwiluwi hutoka kwa mamia, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita chache tu, angavu kama kioo, na hukimbilia mwanga. Tabia hiyo ya kufuata mwanga ndiyo chombo cha kuvunia. Mfugaji huzima pampu ya kuchujia maji mapema ili isiwanyonye, huweka tochi kwenye kona moja ya tangi, husubiri wakusanyike, kisha huwachota kwa jagi pamoja na maji yao. Wavu haufai, kwa sababu miguu yao huvunjika kwa kuguswa.

Wapo wanaomhamisha mzazi kwenye chombo cha peke yake siku moja kabla. Njia hiyo inaokoa viluwiluwi wengi zaidi iwapo tangi lina samaki, lakini mzazi akisumbuliwa sana anaweza kuyaangusha mayai yote kabla ya wakati. Aliyemzoesha kamba wake kuja mkononi kula huwa na kazi nyepesi, kwani humwingiza kwenye bakuli bila kumfukuza.

Viluwiluwi waliovunwa huwekwa kwenye chombo chenye kitako cha mviringo kisicho na kona. Bomba jembamba la hewa hutoa mapovu makubwa, ya taratibu, ili maji yazunguke na kuwaweka viluwiluwi katikati. Wakikaa chini, hunaswa kwenye uchafu. Wakibanwa ukutani, hujeruhiwa. Wengi huzungushia chombo karatasi nyeusi na kuacha mwanga uingie kwa juu tu, maana kiluwiluwi anayeona mwanga ubavuni hujigonga kwenye kioo usiku kucha.

Chakula cha kwanza kiwe tayari usiku huohuo. Kwa sehemu kubwa ya wafugaji chakula hicho ni artemia, vidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo, mengi yakitoka Ziwa Kuu la Chumvi katika jimbo la Utah, Marekani. Mayai ya artemia yakiloweshwa kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa huangua kwa takriban saa 24. Kwa hiyo mwenye kuanza kuyalowesha baada ya kuona viluwiluwi wa kamba amechelewa kwa siku nzima, na siku moja ya njaa inatosha kuua wengi. Artemia wapya wana akiba ya lishe mwilini, lakini akiba hiyo huisha haraka. Wakishapita umri wa siku moja lazima walishwe kwanza mwani mdogo au chakula maalumu cha mafuta, vinginevyo kamba anakula kitu kisicho na faida kwake.

Siku mia moja

Wakati kuku wa nyama anaingia sokoni akiwa na wiki tano au sita, kamba msafishaji wa umri huo bado ni kiluwiluwi anayeelea. Kumbukumbu za watafiti zinaonyesha kuwa kipindi cha kuelea cha kamba huyu kimewahi kuwa kifupi kama siku 57 na kirefu kama siku 140. Ndugu yake mwekundu, Lysmata debelius, ambaye bei yake ni ya juu zaidi, huchelewa hata kuliko huyo. Kwa kulinganisha, wale samaki wadogo wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya anemoni za bahari, ambao wafugaji wa nyumbani wamewazoea, humaliza kipindi hicho kwa takriban wiki mbili.

Sababu ya urefu huo iko baharini. Kiluwiluwi cha kamba huyu kimeumbwa kusafiri na mikondo ya maji kwa miezi hadi kipate mwamba wa kushukia. Hupitia hatua kadhaa, kila hatua ikiwa na kuvua gamba. Katika hatua za katikati huota jozi ya miguu mirefu kupita mwili, yenye ncha bapa kama makasia. Miguu hiyo humsaidia kuelea, lakini kwenye chombo kidogo hugusana na ya mwenzake, hunasa uchafu na kukatika.

Jambo linalowatia wafugaji hasara kubwa zaidi ni kwamba kiluwiluwi anaweza kuvua gamba bila kupanda hatua. Lishe ikiwa pungufu, au joto likishuka, au asipopata dalili ya mahali pa kushukia, hubaki darasa lilelile. Anakula kila siku, anabadilisha gamba, hasogei. Kwa lugha ya biashara, ni mali iliyolala ghalani huku kodi ya ghala ikilipwa. Kwa sababu hiyo viluwiluwi wa usiku mmoja hawamalizi pamoja. Wa kwanza anaweza kutua chini wakati wenzake wana miezi miwili mbele yao.

Vifo havisambai sawasawa katika siku hizo mia. Kundi la kwanza hufa ndani ya wiki moja, kwa njaa au kwa kujeruhiwa wakati wa kuvunwa. Kundi la pili hufa polepole katikati, kwa sababu za uchafu: artemia waliokufa huoza chini, amonia hupanda, bakteria huongezeka. Katika kipindi hicho hujitokeza pia adui anayeingia na maji au na chakula, vijidudu vya jamii ya upupu wa baharini wanaoota ukutani mwa chombo, wenye mikono midogo inayochoma. Mfugaji huona kama nyuzi nyeupe, hapuuzi mara moja tu, bali hata mara tatu, na kila siku viluwiluwi wanapungua. Dawa ya uhakika ni kuwahamishia waliobaki kwenye chombo kisafi kilichokauka kabisa, kila baada ya siku chache.

Kundi la tatu hufa mlangoni. Kuvua gamba kwa mwisho, ambako kiluwiluwi anageuka kuwa kifaranga mwenye umbo la mzazi, kunahitaji akiba kubwa ya nguvu. Asiye na akiba hiyo hukwama ndani ya gamba lake. Mfugaji aliyelisha miezi mitatu huwakuta chini asubuhi, nusu wametoka na nusu wamebaki ndani. Hii ndiyo hasara inayouma kuliko zote, kwa kuwa gharama yao imeshalipwa karibu yote.

Anayevuka hapo ana urefu wa takriban sentimita moja, anatembea chini, tayari ana rangi, na hula karibu kila kitu anachokula mzazi. Kuanzia hapo kazi ni nyepesi. Bado anahitaji wiki kadhaa zaidi afikie ukubwa unaokubalika dukani, akiwa na nafasi na maficho ya kutosha, kwani wenzake humla akiwa laini.

Hesabu halisi

Chukua mfano wa mfugaji aliyevuna viluwiluwi 300 na kufanikiwa kuvusha watatu kwa kila mia, kiwango ambacho kwa anayeanza si cha aibu. Baada ya miezi mitano ana kamba tisa. Akiwauza kwa mwenye duka kwa bei ya jumla ya, tuseme, dola 8 kila mmoja, anapata dola 72. Ikiwa alifanya kazi saa moja tu kwa siku kwa siku 150, amelipwa chini ya nusu dola kwa saa, kabla ya kutoa umeme na chakula. Hapo hajahesabu bei ya wazazi wala ya vyombo.

Sasa badili tarakimu moja kwa wakati. Bei ikipanda kutoka dola 8 hadi 12, mapato yanafika dola 108. Waliovuka wakipanda kutoka watatu hadi kumi kwa mia, bei ikibaki ileile, mapato yanafika dola 240. Kwa hiyo mfugaji anayetumia siku zake kubishana juu ya bei na kuacha kusafisha vyombo anavuta kamba upande usiofaa. Faida ya biashara hii inapatikana katika asilimia ya wanaovuka.

Jambo la pili linaloonekana katika hesabu ni kazi. Kuangua artemia kwa ajili ya chombo kimoja au vitatu ni shughuli ileile. Mwenye vyombo vitatu, kila kimoja na viluwiluwi 300, akifanya kazi saa moja na nusu kwa siku na kuvusha kumi kwa mia, anapata kamba 90, yaani dola 720 kwa bei ya mfano. Saa zake 225 zimemlipa dola tatu na senti 20 kila moja. Hapo ndipo inapoanza kufanana na biashara. Lakini mwenye kuvusha watatu kwa mia hasaidiwi na vyombo vitatu. Anazidisha tu hasara yake ya muda.

Umeme nao una hadithi yake. Mfugaji wa nchi za baridi mwenye pampu ndogo ya wati 5, taa ya wati 20 inayowaka saa 12, na hita ya wati 100 inayofanya kazi nusu ya muda, hutumia takriban uniti moja na nusu kwa siku, sawa na uniti 234 kwa siku 150. Mfugaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako maji ya tangi hayahitaji hita, anatumia uniti 54 kwa kipindi hichohicho. Tofauti ni kubwa zaidi kwenye chumvi. Anayeishi mbali na bahari akibadilisha lita 10 kwa siku anahitaji gramu 350 za chumvi maalumu kila siku, zaidi ya kilo 50 kwa mzao mmoja. Wa pwani anachota bure.

Kuchota bure nako kuna masharti. Maji yachukuliwe bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari, mifereji ya mji na midomo ya mito, kisha yachujwe na kuachwa yatulie. Wakati wa masika chumvi ya maji ya karibu na ufukwe hushuka, na asiye na kipimo cha chumvi anaweza kuua mzao mzima kwa ndoo moja. Umeme ukikatika, viluwiluwi huzama na hewa huisha, kwa hiyo pampu ya betri ni sehemu ya mtaji wa lazima.

Mshindani ni mzamiaji

Kwa mwekezaji wa Afrika Mashariki swali gumu kuliko yote ni hili: kwa nini kumfuga kwa miezi mitano mnyama ambaye mzamiaji anaweza kumtoa kwenye mwamba kwa asubuhi moja? Kwa bei peke yake mfugaji anashindwa. Ndiyo maana kamba wasafishaji wanaouzwa duniani bado kwa sehemu kubwa wanatoka baharini.

Mfugaji ana silaha mbili. Ya kwanza ni uimara wa mali. Kamba aliyezaliwa tangini amezoea maji ya tangi na chakula cha dukani, wala hakupitia mikono ya mzamiaji, dalali na msafirishaji. Ya pili ni sheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo la Hawaii iliamua kuwa vibali vya kukusanya samaki wa mapambo vinahitaji kwanza tathmini ya mazingira, na sehemu kubwa ya ukusanyaji ikasimama. Waliokuwa na samaki wa kuzalisha hawakuguswa. Mnunuzi wa nje anayejali asili ya bidhaa yupo tayari kusikia kuwa mzigo umezalishwa, ilimradi muuzaji ana daftari la kuthibitisha.

Kamba huyu hayumo katika orodha za mkataba wa CITES, tofauti na matumbawe magumu na farasi wa baharini. Hata hivyo kusafirisha viumbe hai kunahitaji leseni na vibali vya mamlaka ya uvuvi pamoja na cheti cha afya, na mashirika ya ndege hufuata kanuni zao za kubeba wanyama hai. Kila kamba hufungwa kwenye mfuko wake wenye maji na oksijeni, kwa sababu akivua gamba njiani wenzake watamla. Mnunuzi hulipa nauli ya maji kuliko ya kamba, na ndiyo sababu mzigo wa kamba kumi hauna maana ya kibiashara kwa ndege. Mwenye wachache atafute soko la karibu: hoteli, ofisi na nyumba zenye matangi ya maji ya bahari.

Yupo pia anayeweza kuvuna pembeni bila kungoja kamba. Katika miaka ya 1980 artemia walipandikizwa katika mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi, na ikaonekana kuwa wanaweza kuishi na kuzaana huko. Mwenye bwawa la chumvi anayezalisha artemia anauza chakula kwa kila mfugaji wa kamba na wa samaki, kila wiki, mzao wao ufe au upone.

Kwa mwenye nia

Mwekezaji aanze na jozi moja na chombo kimoja, akijua kuwa mizao miwili ya kwanza ni ada ya shule. Anunue kwanza makopo ya artemia na ajifunze kuyaangua kila siku kwa mwezi mmoja kabla ya kuleta kamba. Aandike tarehe za kuvua gamba, idadi ya viluwiluwi kila wiki na sababu ya kila kifo anayoweza kuiona, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Chombo cha pili kinunuliwe tu baada ya daftari kuonyesha kuwa angalau watano kwa kila mia wametua chini.

Mnunuzi naye atafutwe mapema, akiwa bado viluwiluwi wanaelea, na aulizwe ukubwa anaoutaka, idadi anayoweza kuchukua na siku ya kulipa. Fedha zinazoingizwa humu zisiwe za ada ya watoto wala za mkopo unaodaiwa kila mwezi. Anayeona leo mayai ya kamba wake yakianza kung'aa fedha atajua matokeo ya mzao huo baada ya miezi mitano, na kodi ya nyumba kwa miezi yote hiyo lazima itoke kwenye biashara nyingine.